Nikipiga chafya mkojo unanitoka. Je, nikubali kuwekewa mkanda?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, na kazi yangu ni ualimu wa michezo. Ninalokuandikia sijawahi kulitamka mbele ya mtu isipokuwa dada yangu mkubwa na, hivi karibuni, daktari.

Tangu nilipojifungua mtoto wa pili, mkojo ulikuwa ukinitoka kidogo nikicheka sana. Nikajua ni mambo ya uzazi, yatapita. Wa tatu alizaliwa mkubwa, zaidi ya kilo nne, akavutwa kwa koleo, nami nikashonwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nikipiga chafya unatoka. Nikiinua mfuko wa mipira unatoka. Nikiruka kuwaonyesha wasichana wangu namna ya kudaka mpira hewani, suruali inalowa kabisa, kwa hiyo siku hizi siruki. Nasimama pembeni na filimbi na kuelekeza kwa mikono. Suruali na sketi zangu zote sasa ni nyeusi, na kiunoni sikosi koti la michezo nimelifunga hata kukiwa na jua kali. Kwenye kikao cha walimu mwenzetu mmoja alisema jambo, chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nikabana mapaja na kuinama chini ya meza kana kwamba naokota kalamu, nikakaa vile mpaka wenzangu walipotulia.

Navaa pedi za hedhi kila siku na ngozi inawasha. Nimeacha kunywa maji mpaka nirudi nyumbani jioni. Matokeo yake mkojo umekuwa wa rangi nzito, unanichoma, na choo kimekuwa kigumu. Siku hizi pia nikifika mlangoni na funguo mkononi nabanwa ghafla kiasi cha kushindwa hata kufungua.

Mazoezi nimejaribu. Rafiki yangu aliniambia nikiwa naenda haja ndogo niukate mkojo katikati, niuachie, niukate tena. Nilifanya kwa wiki kadhaa, sikuona lolote, nikaacha. Kwa hiyo kwangu mazoezi hayafai. Nimenenepa pia, sikufichi. Na mwaka jana nilianzishiwa vidonge vya presha. Presha imeshuka vizuri, ila tangu wakati ule nina kikohozi kikavu kisichoisha, na kila nikikohoa usiku najua kitakachofuata. Watu wananiambia ni vumbi la uwanjani.

Daktari aliniangalia kwa dakika chache akasema misuli imelegea, na kwamba dawa yake ni upasuaji mdogo wa kuweka mkanda chini ya mrija wa mkojo. Unaingia asubuhi, unatoka siku hiyo hiyo. Akaniambia nikiwa tayari nipige simu apange tarehe.

Dada yangu aliwekewa mkanda kama huo miaka mingi iliyopita na anaapa kwamba angejua angefanya mapema. Lakini kuna mwalimu mwenzangu, sasa amestaafu, ambaye aliwekewa wavu kwa sababu kizazi kilikuwa kinashuka, akaishia na maumivu ya kinena. Mpaka leo tendo la ndoa kwake limekwisha. Nikisoma mitandaoni naona wanawake wanashtaki makampuni. Nimsikilize nani?

Mume wangu hajui. Mkojo umewahi kunitoka tukiwa faragha, nikamwambia ni jasho. Tangu hapo natafuta visingizio: nimechoka, kichwa kinauma, mtoto hajalala. Juzi aliniuliza taratibu, “Mama Watoto, nimekukosea nini?” Sikuwa na jibu. Na yeye anatamani tupate mtoto mmoja zaidi. Mimi sijasema ndiyo wala hapana. Mama mkwe, ambaye nadhani ameshahisi, aliniambia kila mwanamke aliyezaa ndivyo alivyo, nivae kitambaa niendelee na maisha.

Shangazi, nikubali mkanda au nivumilie? Na mume wangu nimwambie kabla au baada ya upasuaji?

Wako,
Mwalimu wa Nguo Nyeusi

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu mkanda na mume, lakini katikati ya barua umetaja, kama kwa kupita, mambo yanayoweza kubadilisha jibu la mkanda. Kikohozi ni kimojawapo. Kubanwa mlangoni ni kingine. Mtoto wa nne ni la tatu. Niruhusu nianze na hayo, kisu nitakifikia.

Kwa ninavyokuelewa, shida yako kubwa ni mkojo unaotoka pale tumbo linaposukuma ghafla: chafya, kicheko, kuinua kitu, kuruka. Mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye kibofu umelazwa juu ya misuli na nyuzi zinazouegemeza kwa chini. Chukua mpira wa kumwagilia maji. Ukiukanyaga juu ya saruji, maji yanakata. Ukiukanyaga kwenye tope, unazama tu na maji yanaendelea kutoka. Unapokohoa, tumbo ndilo mguu, na misuli ya sakafu ya nyonga ndiyo inayotakiwa kuwa saruji. Kuzaa kwa njia ya kawaida, hasa mtoto mkubwa aliyevutwa kwa koleo, kunaweza kuilegeza misuli hiyo, kuichana, au kuumiza mishipa ya fahamu inayoiendesha. Ndiyo maana karibu kila tiba utakayoisikia hufanya moja kati ya haya: kupunguza msukumo, kuipa misuli nguvu, au kuupa mrija egemeo jipya. Daktari wako amerukia la mwisho. Huenda yuko sahihi, lakini mawili ya kwanza hakuyagusa kabisa.

Mama mkwe wako, kwa heshima zote, amesema nusu ya kweli. Wanawake wengi sana waliozaa wanaishi na jambo hili. Ila wingi wao haufanyi liwe la kuvumiliwa, na kitambaa alichokutajia kilikuwa ndiyo tiba pekee kwa wanawake wa rika lake walio wengi. Simlaumu.

Sasa huko mlangoni. Kubanwa ghafla ukiwa na funguo mkononi ni jambo tofauti na kuvuja kwa chafya. Hapo kibofu chenyewe kinajikaza kabla ya wakati wake. Mwanamke anaweza kuwa na yote mawili, na wengi wanayo, lakini mkanda umebuniwa kwa ajili ya lile la kwanza. La pili unaweza kuliacha palepale, na kwa baadhi ya wanawake hulizidisha. Tena unasema mkojo unakuchoma. Hiyo inaweza kuwa ni kwa sababu ya kukosa maji, au una maambukizi kwenye njia ya mkojo, ambayo nayo huleta kubanwa ghafla. Kipimo cha mkojo kinamaliza ubishi huo, tena ni rahisi. Je, ulipimwa? Uliwahi kukohoa mbele ya daktari kibofu kikiwa kimejaa ili aone kwa macho mkojo unavyotoka? Aliangalia kama kibofu kinakwisha chote ukishajisaidia, au kama kizazi kimeshuka? Aliuliza unatumia dawa gani? Pengine alifanya hayo yote nawe hukuyaandika. Kama hakufanya, basi kilichokosekana hapo ni uchunguzi, na tarehe ya upasuaji inaweza kuusubiri.

Nyumbani unaweza kuanza na jambo moja: kwa siku tatu andika kila unachokunywa, kila unapokwenda haja ndogo, kila mkojo unapotoka na ulikuwa unafanya nini. Karatasi hiyo humwambia mtaalamu mengi kuliko maneno.

Kuhusu vidonge vya presha, tafadhali angalia jina kwenye pakiti. Kuna kundi ambalo majina yake huishia na “pril”, kama enalapril na lisinopril. Kwa baadhi ya wanaozitumia huleta kikohozi kikavu cha aina hii hii unayoieleza, na hakiishi mpaka dawa ibadilishwe. Kuna nyingine za presha, kama prazosin na doxazosin, ambazo hulegeza misuli ya mrija wa mkojo wenyewe. Sijui wewe unameza ipi. Usiziache, nasisitiza, maana presha iliyopanda ghafla ina madhara makubwa kuliko suruali iliyolowa. Ila mwulize aliyekuandikia kama kikohozi kinaweza kuwa kimetoka humo. Itakuwa ajabu ukapasuliwa kwa sababu ya kikohozi kilichokuwa kwenye pakiti ya dawa. Na kuna jambo zito zaidi: dawa za “pril”, pamoja na nyingine za jamii jirani kama losartan, hazitumiwi na mjamzito kwa sababu humdhuru mtoto tumboni. Ukiwa bado hujasema ndiyo wala hapana juu ya mtoto wa nne, daktari wa presha anapaswa kulijua hilo tangu sasa.

Maji uliyoyaacha yanakurudia kwa mlango wa nyuma. Mkojo mzito hukiudhi kibofu, nacho kinajikaza ovyo. Choo kigumu kinakufanya usukume kwa nguvu, na kila unaposukuma unazidi kuilegeza misuli ile ile unayotaka ikushikilie. Kunywa kama mtu wa kawaida, ukigawa kwa siku nzima. Vinywaji vyenye kafeini vipunguze uone kama kule mlangoni kutapata nafuu. Pedi nazo badilisha: za hedhi zimetengenezwa kwa damu, ambayo ni nzito na hutoka polepole, ndiyo maana zinakuacha umelowa na kuwashwa. Kuna pedi za mkojo hasa.

Unene umeutaja kwa haraka nami sitakusimanga. Lakini utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wanawake wanene waliopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzito wao, mara zao za kuvuja kwa wiki zilipungua kwa asilimia 47. Wenzao waliopewa masomo tu zilipungua kwa asilimia 28. Kwa mwanamke wa kilo 85 hizo ni kilo kama 7. Na wewe unajua kufundisha mwili kuliko mimi.

Hapa ndipo ninapotaka kukuuliza swali moja bila kukukera. Unasema mazoezi hayafai kwako. Ni kweli ulifanya mazoezi?

Kukata mkojo katikati si zoezi la kurudia kila siku. Ukifanya mara moja kujua misuli iko wapi, sawa. Ukilifanya tabia, unakivuruga kibofu kinachojaribu kumwaga, na mkojo unaweza kubaki ndani na kuleta maambukizi. Zoezi lenyewe hufanywa kibofu kikiwa kitupu, umelala, umekaa au umesimama. Unabana njia ya haja kubwa kama anayezuia hewa isitoke, halafu unaubeba mbano huo kuelekea mbele na kuuvuta juu, ndani. Tumbo lisikazwe, makalio yasikazwe, pumzi isizuiwe. Unashika kwa sekunde chache, mpaka ufike kumi kadiri unavyopata nguvu, unaachia kabisa, unapumzika, unarudia. Wataalamu wa Uingereza hupendekeza mbano nane kwa uchache, mara tatu kwa siku, kwa angalau miezi mitatu, tena chini ya uangalizi. Miezi mitatu, mwanangu. Wewe wasichana wako ungewaacha waseme mazoezi hayafai baada ya wiki kadhaa za kufanya zoezi lisilo lao?

Daktari Arnold Kegel wa Marekani, ambaye mazoezi haya yamepewa jina lake, alipoyaandika mwaka 1948 hakuwa akiwaambia wanawake “kajibaneni” na kuwaacha waende. Alikuwa na kifaa cha kuweka ukeni kilichopima nguvu ya mbano, mwanamke akauona mshale unavyopanda. Ni kwa sababu wengi tukielezwa kwa mdomo tu tunakosea. Wengine husukuma chini badala ya kuvuta juu, na hivyo kujiumiza zaidi. Kwa hiyo tafuta mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga za wanawake, au mkunga aliyefundishwa kazi hiyo, akuangalie kwa kidole kama unabana panapotakiwa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikuta kwamba kati ya wanawake wenye tatizo kama lako waliofanya mazoezi, asilimia 56 walisema wamepona, dhidi ya asilimia 6 ya ambao hawakutibiwa.

Kuna mbinu ndogo ndani ya mazoezi ambayo mwalimu wa michezo ataipenda. Unapohisi chafya inakuja, bana kwanza, kisha piga chafya. Unapoinua mfuko wa mipira, bana kwanza, kisha inua. Ni suala la kuwahi. Mwanzoni utasahau, baadaye mwili unalifanya wenyewe.

Nisikuchoree mazoezi kama dawa isiyoshindwa, hata hivyo. Huko Uholanzi wanawake wenye kuvuja kwa kiwango cha kati na kikubwa waligawanywa makundi mawili, wengine wakaanzishiwa fiziotherapia na wengine wakawekewa mkanda, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya mwaka mmoja, walioanza na mkanda asilimia 91 walisema wamepata nafuu. Walioanza na fiziotherapia, asilimia 64. Na karibu nusu ya hao wa fiziotherapia walikuwa wameshaomba wapasuliwe. Unaweza kuzisoma takwimu hizo kwa kusema “basi twende kwenye mkanda moja kwa moja.” Unaweza pia kuzisoma kwa kusema nusu nyingine hawakuhitaji kisu. Ni takwimu zilezile, na sitakuchagulia namna ya kuzisoma.

Kati ya mazoezi na kisu kuna pesari, kifaa laini cha silikoni, mara nyingi chenye umbo la pete na kinundu, ambacho huwekwa ukeni kiubinye mrija kwa chini. Unaweza kujifunza kukiweka mwenyewe saa za uwanjani na kukitoa jioni. Si kila mwanamke kinamkaa vizuri, na kinaweza kuleta uchafu au michubuko kisipotunzwa, lakini kwa mtu anayevuja hasa anaporuka, na ambaye hajaamua kuhusu mtoto, kina faida moja: hakifungi mlango wowote. Kuna pia vidonge vya duloxetine, ambavyo ni dawa ya sonona. Baadhi ya nchi za Ulaya huviruhusu kwa tatizo hili, Marekani hawajaviruhusu. Vinatia kichefuchefu kwa wengi na vinaweza kupandisha presha, kwa hiyo kwako nina wasiwasi navyo.

Mkanda sasa. Ulibuniwa Uswidi na Profesa Ulf Ulmsten na wenzake, wakautangaza mwaka 1996. Ni utepe wa nyuzi za plastiki uliofumwa kama wavu, unaopitishwa kwenye tundu dogo ukeni na kuachwa chini ya katikati ya mrija wa mkojo. Hauvutwi ukakaza, unakaa tu, na mrija unapokandamizwa na kikohozi unapata pa kuegemea. Dada yako hakudanganyi. Wanawake wengi mno duniani wamewekewa na wengi wameridhika. Mwalimu mwenzako naye hadanganyi, ila yeye, kwa maelezo yako, aliwekewa wavu wa kubeba kizazi, ambao ni kipande kikubwa zaidi. Marekani mwaka 2019 waliamuru wavu wa aina hiyo unaopitishwa ukeni usiuzwe tena. Mikanda ya mkojo waliiacha. Uingereza walikuwa wakali zaidi: Julai 2018 walisimamisha hata mikanda ya mkojo mpaka masharti ya usalama yatimizwe, baada ya kuwasikiliza wanawake waliokuwa wameambiwa kwa miaka kwamba maumivu yao ni ya kujifikiria tu.

Hofu yako basi haikutoka hewani, japo haimhusu kila mwenye mkanda. Kinachoweza kwenda vibaya ni kibofu kutobolewa wakati wa kupitisha, kushindwa kukojoa vizuri baadaye, kubanwa ghafla kuanza au kuzidi, maumivu ya kinena au ya wakati wa tendo la ndoa, na utepe kuchomoza ukeni au kula njia ya mkojo, hata baada ya miaka. Na nyama ikishaota ndani yake, kuutoa wote ni kazi ngumu kuliko kuuweka. (Maneno “upasuaji mdogo” husemwa na anayeshika kisu. Anayelala mezani ana haki ya kupima udogo huo mwenyewe.)

Hukuambiwa, nadhani, kwamba kuna upasuaji usio na plastiki. Mmoja hunyanyua kuta za uke pembeni mwa shingo ya kibofu na kuzishonea nyuma ya mfupa wa kinena, Dk. Burch aliueleza mwaka 1961. Mwingine hutengeneza mkanda kwa utando mgumu wa mwili wako mwenyewe, unaokatwa tumboni au pajani. Wanawake wa Marekani waliofanyiwa mojawapo ya hizo mbili walifuatiliwa kwa miaka miwili, na wa mkanda wa utando walifanikiwa zaidi dhidi ya kuvuja, asilimia 66 kwa 49, lakini wao ndio waliopata maambukizi zaidi na shida zaidi ya kukojoa. Kidonda ni kikubwa na kupona huchukua muda mrefu kuliko wa plastiki. Pia kuna sindano ya utomvu maalum inayovimbisha ukuta wa mrija ili ukutane vizuri; huchomwa kwa ganzi tu, ni nyepesi zaidi, haina nguvu kama mkanda, na mara nyingi hubidi kurudiwa. Ukishawishiwa na tangazo la mwanga wa leza wa “kurudisha ujana” ukeni, kumbuka mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2018 juu ya matangazo hayo, ikitaja majeraha ya kuungua na makovu.

Mtoto wa nne ameshikamana na haya yote. Madaktari wengi hupendelea mwanamke amalize kuzaa kwanza, kwa sababu mimba na kujifungua vinaweza kurudisha kuvuja hata baada ya mkanda uliokaa vizuri. Wapo wanawake waliozaa baada ya mkanda wakabaki wakavu, kwa hiyo hakuna anayeweza kukukataza moja kwa moja. Lakini ukipasuliwa mwezi ujao bila kujua unataka nini juu ya mtoto, kuna uamuzi ambao tarehe ya hospitali itakuwa imekufanyia.

Na hapo tumeshafika kwa mume wako. Unaogopa akijua atakuona vingine. Hofu hiyo naielewa, na siwezi kukuahidi uso atakaoukunja au asioukunja. Ila tazama anachokijua mpaka sasa: mke wake anamkwepa na hasemi kwa nini. Yule aliyeuliza “nimekukosea nini” ameshatunga majibu yake mwenyewe usiku, na sidhani kama hata moja lina mkojo ndani yake. Kumwambia baada ya upasuaji kunawezekana kwa maneno kuliko kwa vitendo. Baada ya mkanda wengi huambiwa wasifanye tendo la ndoa kwa wiki 4 hadi 6 na wasiinue vitu vizito. Utampa kisingizio gani cha muda huo wote? Kumwambia kabla nako kuna hatari yake: anaweza kukuharakisha upasuliwe, au kukuzuia, au kulipeleka kwa mama yake. Ukiamua kusema, unaweza kuanza na kidogo, kwamba mwili haujapona tangu uzazi wa mwisho na unatafuta tiba, kisha umwachie aulize. Na unaweza kumwambia wazi kwamba habari hii ni ya chumba chenu, isivuke mlango. Wakati huohuo, kwenda haja ndogo kabla ya faragha na kuchagua mkao usiokandamiza tumbo huwasaidia wengi.

Kama ungependa kurudi kwa daktari yule, au kwa mwingine, nenda na karatasi yako ya siku tatu na pakiti ya vidonge. Mwulize mkanda anaoufikiria ni wa aina gani na unapitishwa wapi. Ameweka wangapi na waliopata shida aliwafanyia nini. Nani atautoa ukileta matatizo. Kule mlangoni kutakuwaje. Na angeshauri nini kama ungetaka kuzaa tena. Akikasirishwa na maswali hayo, nalo ni jibu la aina yake. Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukaanza kutoka mchana na usiku bila kikohozi wala chafya, usisubiri miadi.

Ukishajua jina la hicho kidonge cha presha, niandikie.

Shangazi yako